Saini Aliyoililia Ottokar Wiesinger

14, Mtaa wa Fairlawn,
Hampstead, London.
22 Juni 1947

Mpendwa dada Malvine,

Hujambo? Shemeji Zoltan hajambo? Goti lake limepoa, au unyevu wa Montevideo bado unamtesa? Ruthi na Gabor wanaendeleaje na shule? Picha yao nimeiweka juu ya meko, na mama mwenye nyumba wangu, ambaye hajawahi kumsifu kiumbe yeyote, amekiri kwamba Gabor ana masikio mazuri. Mimi ni mzima. Kifua kinanibana asubuhi na meno mawili yamekwenda zao, lakini nina kazi, na hapa mkimbizi mwenye kazi hana ruhusa ya kulalamika.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Unaniomba nimtilie saini Ottokar Wiesinger ile hati anayoililia, ya kusema kwamba hakuwatendea Wayahudi ubaya, ili ile tume ya Vienna inayowachunguza waliokuwa Wanazi imsafishe na kumrudisha jukwaani. Basi dada, nimesaini. Lakini usishangilie bado, soma mpaka mwisho.

Kumbe ameshakuandikia na wewe, huko ng'ambo ya bahari! Mimi aliniandikia barua nne. Siku hizi Vienna kila mtu anamtafuta Myahudi wake wa kumsemea, na wengi hawampati. Wangejua watatuhitaji hivi, wangetubakiza wengi zaidi.

Umesema alikuwa kijana mstaarabu, akicheza dansi na wewe kwenye harusi ya Klothilde. Ni kweli. Ulimwona akicheza dansi, kisha ukaolewa ukaenda zako. Mimi nilibaki naye kwenye kundi moja la maigizo, chumba kimoja cha kuvalia, kioo kimoja.

Machi 1938, Wanazi walipoingia Vienna, tulikuwa kwenye mazoezi, mchana, mimi nikiwa mhusika mkuu kama kawaida na yeye akiwa rafiki wa mhusika mkuu kama kawaida. Akaingia kwa kuchelewa, amevaa buti na kitambaa chekundu mkononi. Akasimama katikati ya jukwaa, akagonganisha visigino, akainua mkono kwa ile salamu yao. Kisha akaagiza ndoo na brashi. "Egon, mzee wangu," akaniambia, "leo unaigiza mfagizi. Maneno huna." Nilisugua ubao wa jukwaa kwa magoti huku wenzangu, tulioigiza pamoja miaka saba, wakitazama viatu vyao. Jioni ileile aliigiza nafasi yangu, na koti langu akalivaa.

Hayo ya ndoo ningeweza kuyasamehe. Mwigizaji amezoea kudhalilishwa, hata wakosoaji wa magazeti hutuvunjia heshima zaidi ya hapo. Lakini katika barua zake kuna jambo moja analolirudia kila mara: kwamba mwaka 1941, mimi nikiwa nimeshakimbia, yeye alimpelekea mama mkate. Hilo lilininyima usingizi. Mama yangu alikuwa mama yako mdogo, unamjua, asingepokea kitu kwa mtu bila kurudisha kitu. Nikajiuliza, alirudisha nini?

Unasema umechoka na chuki. Mimi sijachoka. Chuki hii, dada, imenilisha wakati hakuna kingine. Nilipofika London, mimi niliyekuwa nikipigiwa makofi Vienna kabla sijafungua mdomo, hapa nikifungua mdomo, lafudhi yangu inawachekesha watu mahali pasipochekesha. Nikaosha sahani hotelini. Vita vilipopamba moto Waingereza wakanikamata na kunipeleka kisiwani, kwa sababu pasipoti yangu ilisema mimi ni raia wa nchi adui. Huko kizuizini tuliigiza, pazia letu blanketi, na watazamaji wetu maprofesa waliokuwa wakimenya viazi.

Kisha filamu zikaniita. Unajua walinipa nini? Sare. Mimi mtoto wa Leopoldstadt, mtaa wetu Wayahudi, niliyesomea sala zangu kwa Rabi Feuerzeig, nimevaa ile sare nyeusi ya Wanazi mara kumi na mbili! Nimepiga watu risasi, nimechoma vijiji, nimekufa vibaya mara tisa. Mwongozaji mmoja aliniuliza nimejifunza wapi kutisha watu bila kupaza sauti. Nikamjibu nilikuwa na mwalimu mzuri. Kila nilichofanya mbele ya kamera kilikuwa cha Ottokar: ule upole wake, ile "mzee wangu" yake kabla ya kuuma.

Mwezi uliopita filamu ya kumi na mbili ikatupeleka Vienna yenyewe, kupiga picha kwenye magofu. Sitakueleza mji ukoje, utalia bure. Siku ya tatu tulikuwa tukifanya kazi mitaa miwili tu kutoka kwa Ottokar. Ikapigwa kengele ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimevaa sare kamili, buti, kofia, kila kitu. Nikatupia koti la mvua juu yake, nikaenda.

Mtunza jengo lake ni yuleyule wa zamani, Bibi Prohaska, mnene, mwenye kilemba na kinywa kisichopumzika. Alikuwa akipiga deki ngazi. Nilipofungua koti ndoo nusura imtoke mkononi, kisha akanitambua. "Yesu na Mariamu, Bwana Landesmann! Umefufuka au umehama upande?" Nikamwashiria anyamaze. Akaegemea ufagio wake, akasubiri. Watunza nyumba wa Vienna hawaachi tukio liwapite.

Nikabisha mara tatu, kwa nguvu, kama wao walivyokuwa wakibisha.

Mlango ukafunguliwa. Ngazi zile zina kiza, kwa hiyo alianza kuziona buti, kisha vifungo, kisha kofia. Uso wangu hakuufikia. Visigino vyake vikagongana, dada, na yeye amevaa ndara za nyumbani! Na mkono wa kulia ukapaa juu wenyewe, umenyooka, wakati midomo yake ingali na makombo ya mkate.

Aliyesema kwanza ni Bibi Prohaska.

"Bwana Wiesinger, huo mkono unatafuta nini huko juu? Ushushe, utapata baridi ya kwapa."

Akaushusha. "Egon?" akasema. "Egon, mzee wangu! Umenitisha! Huo ni mwili tu, ni mazoea, si mimi!"

"Najua," nikamwambia. "Mwili wako unakumbuka vizuri kuliko barua zako. Nimekuja kukuandikia hati."

Alifurahi, masikini! Akanikaribisha sebuleni huku akicheka na kufuta midomo, akamwita mkewe alete kahawa ya shayiri. Na hapo sebuleni, chini ya dirisha, nikaiona piano ya mama. Sikuhitaji kuulizia. Upande wa kushoto ina ile alama ya kuungua, pale mama alipoangusha mshumaa wa Ijumaa mwaka ule nilipougua surua.

"Nilikuwa namtunzia," akasema Ottokar kabla sijauliza. "Walikuwa wataichukua tu wengine."

"Ulimtunzia mpaka lini?"

"Mpaka atakaporudi." Kisha akaniangalia, na kwa ile sauti yake nzuri ya jukwaani akaniuliza: "Kwani hakurudi?"

Nakuapia, hakuwa anaigiza. Miaka mitano tangu wampakie mama kwenye treni, hakuwahi kuulizia. Niliomba karatasi na kalamu, nikaandika nimesimama, juu ya mfuniko wa piano. Nakunakilia neno kwa neno:

"Mimi Egon Landesmann, mwigizaji, Myahudi, nathibitisha kwamba Bwana Ottokar Wiesinger alimpelekea mama yangu, Regine Landesmann, mkate mmoja, na kwamba piano ya mama yangu imo sebuleni kwake. Leo, 14 Mei 1947, saa saba mchana, nilibisha mlangoni kwake nimevaa sare nyeusi ya filamu. Alinipokea kama alivyonipokea jukwaani Machi 1938, visigino pamoja na mkono juu. Hakuna alichosahau."

Nikatia saini. Bibi Prohaska akatia yake kama shahidi, kwa mkono uliolowa maji ya deki, bila kubembelezwa.

Ottokar aliisoma mara mbili. "Egon," akasema, "hii itaniua."

"Hapana," nikamwambia. "Hati zenu ndizo zilizokuwa zikiua. Hii itakubebesha matofali tu."

Niliifikisha kwenye tume mimi mwenyewe. Najua ungependa nikuambie kwamba sikupata raha, kwamba nilitembea mitaani nimeinamisha kichwa. Dada, nilipata raha. Nilirudi kwa wenzangu nikala supu bakuli mbili, na mchana ule niliigiza vibaya kuliko siku zote, kwa sababu kila nilipotakiwa kutisha, nilikuwa nacheka.

Juzi Bibi Prohaska ameniandikia. Tume imemkatalia. Anabeba kifusi mtaani na toroli, na watoto wakipita wanamwinulia mkono. Bibi mwenyewe ndiye aliyewafundisha, na hajuti. Piano nimeidai kisheria. Ikitoka, nitaituma kwenu, Ruthi ajifunze.

Usinikasirikie sana. Ukinikasirikia, niandikie hivyohivyo, nitaisoma hata mara tatu tena. Msalimie sana shemeji Zoltan, na Ruthi, na Gabor wa masikio, na shangazi Jolanka kama bado anakumbuka mimi ni nani. Ottokar naye, tukiagana mlangoni, aliomba nikufikishie salamu zake. Hizo sikuletei.

Mungu awalinde nyote na nyumba yenu. Kwa ajili yangu msimwombe anipe moyo mtulivu. Mwombeni anipe umri, maana barua za namna ile ninazo nyingine tatu mezani, kutoka kwa watu wengine watatu, na wote wameniita rafiki.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
kaka yako,
Egon