Mkanda Mrefu na Mkanda Mfupi

Mama,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapa, maana ulinifundisha kwamba anayesalimu husubiri aitikiwe. Nimesubiri. Sasa naendelea.

Arobaini yako tumeisoma Ijumaa iliyopita. Watu walijaa, hata wale wenzako wa Mkata mliokuwa mkipanga vyungu pamoja kando ya barabara. Ubwabwa ulitosha, usijali. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Mvua imekatika. Mbuzi wako mweupe kazaa mapacha na bado hataki kukamuliwa na mtu mwingine. Mimi nipo, nipo tu.

Siku zako tatu za mwisho nilikaa kando ya kitanda chako na neno mdomoni. Nikitaka kulitoa, umesinzia. Ukiamka, kaingia jirani kukujulia hali. Na mara nyingine, Mama, niliogopa tu. La mwisho uliloniambia ni, "Twiga, ingiza kuni zisilowe." Nikaenda kuingiza kuni. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda.

Basi neno lenyewe nalileta leo, lakini acha nianze mbali kidogo, maana peke yake halitoki.

Unakumbuka yule mama wa basi la Dar es Salaam? Alinunua chungu chako kikubwa, akakipakata kama mtoto. Basi halijapata hata mwendo, tukasikia kimepasuka humo ndani. Wenzako wakacheka, wakasema cha mteja kimeshakuwa chake. Wewe hukucheka. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Walizoea kusema kizuri chajiuza, usiku ule ukaniambia, "Uongo. Kizuri kisichobebeka humbakia mwenyewe."

Ukamtuma mjomba, aliyekuwa akikata mkonge Ngombezi, akuletee zile nyuzi fupi zinazotupwa kiwandani. Ukafuma, ukafumua. Ukafuma tena. Mwisho chungu kikapata wavu wake, chini ngata ya kukalia kisibiringike, juu kitanzi cha kutundikia. Siku ya kwanza tulipokipeleka Mkata, loo, wenzako! "Jamani, njooni muone, chungu kimevaa sidiria!" Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ulicheka kuliko wao. Hazikupita siku nyingi, abiria wakawa wanatoa vichwa madirishani, "Mama, nipe kile chenye wavu!" Vya wengine vikabaki vinapigwa jua.

Halafu ukawafundisha wale wale waliokucheka. Nilikasirika mimi! Nikakuuliza kwa nini unagawa akili yako bure. Ukasema, "Mpaka wao wakijue hiki, mimi nitakuwa kwenye kingine."

Mama, mtu kama wewe ndiye niliyemtukana mbele ya kijiji.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikawa karibu na shule na karibu na kisima, lakini udongo ukabaki kule mahameni tulikotoka, mwendo wa asubuhi nzima. Kikundi cha ufinyanzi kikanifanya katibu kwa sababu najua kuandika. Na mimi katibu, kichwa kikubwa, nikasimama mkutanoni nikasema trekta la kijiji liende likazoe udongo. Ukainuka. Ulikuwa umejifunga ile kanga ya kahawia. Ukasema tangu bibi zetu mwanaume hafiki machimboni, na udongo ule huchimbwa kwa mkono, tabaka kwa tabaka. "Nipeni muda kidogo," ulisema. "Nitatafuta njia."

Nikakujibu, "Mama, wewe ndiye unayeturudisha nyuma. Watu kama wewe ndio wanaopinga maendeleo."

Wakanipigia makofi. Ukakaa chini, ukatengeneza kanga yako, ukatazama mikono yako. Nyumbani ulinipakulia chakula kama siku zote, na nyama ukaniwekea mimi. Afadhali ungenipiga.

Trekta lilikwenda wiki mbili baada ya kukuzika, barabara ilipokauka. Lilirudi limejaa, watoto wanalikimbilia, mimi mbele kama bi harusi. Tukafinyanga siku nyingi, tukaanika, tukachoma. Moto ulipokolea vikaanza kupasuka kimoja kimoja, Mama, hakikubaki hata cha kutilia chumvi. Bi Mwanahawa, shoga yako, akaokota bonge la udongo uliobaki, akaniambia nilambe. Nikalamba. Ulikuwa unakwaruza meno. Wewe ulikuwa ukilamba kila bonge kabla halijaingia kapuni: "Ukikwaruza jino si wetu." Nimekuona ukifanya hivyo tangu nabebwa mgongoni, na siku ya trekta sikulamba hata mara moja. Bi Mwanahawa anasema ni mkosi wa wanaume kufika machimboni. Mimi nasema wale wa trekta waliuchanganya na mchanga wa juu. Yote mawili yanarudi kwangu.

Mwenyekiti wa kijiji katupa nafasi moja tu. Tukishindwa tena, kikundi kinavunjwa na banda letu linakuwa ghala la mahindi. Akina mama wakiniona nakuja, wanabadili njia. Mdomo uliponza kichwa, na hiki ni changu.

Sasa sikiliza. Jumamosi, baada ya arobaini, tulikuwa tunagawa vitu vyako. Nikapanda darini juu ya jiko, pale ulipokuwa ukiweka nyuzi zipate moshi zisiliwe na wadudu. Nikakuta wavu. Mkubwa, Mama, wa kuingia mtoto wa miaka kumi. Mafundo yake ni yako, nayajua. Una mikanda miwili, mmoja kila upande, ya kupita begani, ili watu wawili wabebe mzigo mmoja. Nikadhani umekosea, maana mkanda mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikavaa ule mfupi, ukanibana kwapani. Nikavaa ule mrefu.

Ulinikaa sawasawa.

Huu mwingine ulikuwa wako, Mama. Ulitupima, mimi twiga na wewe kifupi changu, mzigo ulale sawa katikati yetu. Ulikuwa unatafuta njia. Nilipokuwa nakwepa kukutazama usoni, wewe ulikuwa umekaa unafuma njia ya kupita sisi wawili. Nililia pale darini mpaka Bi Mwanahawa akapanda kunifuata.

Nisamehe, mama yangu. Ndilo neno lenyewe. Dogo hivyo, na lilinishinda siku tatu.

Kesho asubuhi tunakwenda mahameni. Trekta libaki. Bi Mwanahawa ni mfupi kama wewe, atavaa mkanda wako. Nitalamba kila bonge. Tukifanikiwa nitafuma wavu mwingine, na mwingine, nikiwapima akina mama wawili wawili, mpaka kikundi kizima kiwe na nyavu zake. Na mkutanoni nitasimama pale pale niliposimama nikasema vile, niseme ni nani aliyezibuni.

Lala salama, Mama. Mungu akulaze pema. Kuni nimeziingiza, hazikulowa.

Mwanao,
Mwanaidi, twiga wako