Jiwe la Kulia kwa Mlango

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, mtaani Dixon Road, hatujambo, ila theluji imenifungia ndani. Mjomba wako amepona mgongo. Wanawe nikiwaamkia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, lakini ugali wangu wanaumaliza.

Uliniuliza kwenye simu ni nani aliyeanzisha mji wetu, kwa kuwa ofisini kwenu, kwenye kaunti mpya, mnaandika historia na kila mzee anamtaja chifu wa zamani.

Sikiliza. Chifu huyo alitaka zahanati ijengwe mlimani, jirani na kwake. Sisi wanawake tuliitaka chini, penye soko, maana ni sisi tuliopanda ule mlima na uchungu wa kuzaa. Kwenye baraza hatukupewa nafasi ya kusema. Basi hatukusema. Kila siku ya soko, kila mwanamke alipitia mtoni, akaweka jiwe juu ya kikapu chake cha ndizi, akaja kulitua pale tulipopataka.

Siku fundi alipofika, aliliangalia lile lundo akauliza, "Chifu, mawe yote haya nani atayapandisha mlimani?"

Chifu akatutazama. Sisi tukatazama ndizi zetu.

Zahanati ikajengwa sokoni. Maduka yakaifuata, kisha shule, kisha posta, na leo ofisi zenu.

Andikeni mnavyotaka. Ila kesho nenda ukaliguse lile jiwe jeusi, kubwa kuliko yote ukutani, kulia kwa mlango wa zahanati. Nililibeba mimi, na mama yako nikiwa nimemfunga mgongoni.

Bibi yako