Shali Iliyosinyaa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Nyakitonto tunashukuru. Kikohozi cha babu yako kimepungua na maharage yameanza kuchanua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema shali ya sufu niliyokufumia umeifua kwa maji ya moto, imesinyaa, na unaogopa nitakasirika.

Ngoja nikueleze. Ulipozaliwa, miaka ile ya tisini, jirani yetu Mama Joselina, mkimbizi kutoka Burundi, alifumua sweta lake la sufu, la pekee alilokuja nalo. Kwa sindano yake ya kroshia akakufumia shali laini, nyepesi hata ungeipitisha ndani ya pete.

Nami nikaifua kama khanga. Maji ya moto, sabuni ya mche, nikaipigapiga juu ya jiwe. Ikatoka nene, ndogo kama viganja viwili. Nikampelekea huku nalia.

Aliigeuzageuza, akasema, "Humura," yaani tulia kwa Kirundi, "usilie. Sasa baridi haitapita." Akaikunja, akashona pembeni, ikawa kofia. Kisha akanifundisha kufua sufu kwa maji baridi, kuikamua bila kuisokota, na kuitandaza juu ya mkeka kivulini. Sweta lake hakulitaja hata siku moja. Mtu wa namna ile sijamwona tena.

Ile kofia nene kwenye picha yako ya utotoni, unayoicheka kila ukiiona, ndiyo hiyo. Kwa hiyo shali usiitupe. Njoo nayo likizo. Sindano aliyoniachia bado ninayo.

Bibi yako