Tipoyi Isiyoinama

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Uji wa mtama tena, bila sukari. Mwanangu Zawadi anaficha sukari mahali nisipofika, yaani mahali popote palipo juu ya magoti yangu. Binti mwerevu. Miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Nimekaa mlangoni kusikiliza pikipiki zinazopanda kutoka barabara ya Mweso. Sikio bado zima. Ya kwanza ilikuwa na mnyororo mlegevu. Ya pili ilikuwa na karia yangu ya kubebea mzigo.

Karia yangu naijua kwa sauti. Haigongi ikipita shimoni. Niliichora nilipokuwa nafundisha ufundi Masisi: mabomba yanayoanzia chini ya kiti na kuteremsha uzito karibu na gurudumu, ili pikipiki yenye magunia ya maharage isisimame kwa miguu ya nyuma kama beberu. Leo ukitoka Masisi hadi Itebero huoni pikipiki ya mzigo isiyo nayo. Motari, waendesha pikipiki wa huku, wananiita Papa Injenieri. Wakipita hapa wanapiga honi. Ninafurahi, na sitajifanya sifurahi.

Lakini kitu nilichokichora vizuri kuliko vyote si karia. Ni tipoyi, machela ya kushushia wagonjwa, inayoning'inia kwenye kapela yetu. Hakuna anayeniuliza habari zake.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Muuguzi amekuja, akasikiliza mgongo. Maji yamejaa kifuani. Lazima nifike hospitali ya Mweso kabla wiki ijayo haijaisha, yatolewe. La sivyo nitazama juu ya kitanda, kileleni, mbali na mto wowote. Nilicheka. Muuguzi hakucheka.

Gari halifiki kwetu. Mvua imekula njia. Mtu anashuka kwa pikipiki au kwa mabega ya watu.

Bahati, mkubwa wa motari wa kilima hiki, alipata habari kabla sijamaliza dawa ya mchana. Alikuja mbio.

"Papa, weye njo mwenye moto zote. Utashuka na moto, kama chefu."

Kwa pikipiki, yaani, kama mtawala. Zawadi akamshukuru sana. Mimi nikakohoa.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Naandika jambo ambalo hata padri sijamwambia, kwa kuwa si dhambi. Naogopa pikipiki.

Niliziogopa tangu siku ya kwanza. Karia yangu ilijaribiwa na wanafunzi. Mimi nilisimama kando na peni sikioni. Nilipokwenda Itebero kuona inavyovumilia tope la msituni, nilitembea kwa miguu, kwenda na kurudi. Niliwaambia watu nachunguza udongo. Wakasema, mnaona mwenye masomo, anachunguza mpaka udongo. Nilikuwa naukanyaga tu, na kumshukuru Mungu kwamba haukimbii.

Imenitoka. Najisikia mwepesi, ingawa miguu haisemi hivyo.

Bahati anatengeneza kiti changu cha safari. Nasikia nyundo tangu asubuhi.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Kiti kimefika. Ni kiti cha mbao chenye mikono, kimefungwa juu ya karia yangu mwenyewe kwa vipande vya tairi. Amekiwekea sponji nene ya kiti cha pikipiki, mwavuli, na bendera ya timu yao ya mpira. Kazi safi. Katika masomo yangu angepata alama nzuri. Wamenipandisha, wamenifunga kifuani kwa mpira, Bahati akawasha. Nikaona shamba la maharage la Zawadi linanijia.

Nimeamka kitandani. Wanasema pikipiki ilikuwa haijatoka uani. Wanasema hata gia ilikuwa haijaingia.

Bahati ameomba radhi mpaka amenichosha. Iko kosa ya mupira, anasema, ulikaza pumzi ya Papa. Mtu mwema. Alipoondoka, Zawadi akanigeukia.

"Papa, uliogopa."

Nilikubali. Alicheka mpaka akakaa chini, kitenge kwenye macho. Honi zote zile, anasema. Miaka yote ile unapungia watu mukono.

Kifua kibaya. Nalala nimekaa. Imebaki tipoyi.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Mvua. Nimemfikiria mama yangu.

Alishushwa hospitalini kwa tipoyi ya zamani: kitanda cha mianzi kilichofungwa moja kwa moja kwenye miti miwili, watu mbele na watu nyuma. Kilima kikishuka, kitanda nacho kinainama. Nilikuwa mtoto, nikimfuata. Mama aling'ang'ania miti kwa mikono yote asiteleze kwa wabebaji wa mbele. Alipona. Lakini ile mikono sikuisahau.

Ndiyo maana nilichora yangu. Kitanda hakifungwi kwenye miti. Kinaning'inia katikati yake kwa beringi za gurudumu la pikipiki, moja kila upande. Miti ikiinama, kitanda kinabaki sawa kama maji ndani ya bakuli. Kipande cha tairi kinakizuia kisicheze kama kengele. Wanawake wangapi wamezaa salama baada ya kushushwa na kitu kile. Hakuna aliyenipigia honi kwa ajili hiyo, na sikutaka.

Sasa tatizo. Tipoyi ni mali ya chama cha wabebaji wa kilima chetu. Kila nyumba inatoa bega, kila nyumba inabebwa. Mimi sikuwahi kubeba. Nilikuwa shule. Baadaye nilikuwa na karakana. Baadaye mgongo. Kila mara palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Inashangaza jinsi sababu za kweli zinavyoweza kumfikisha mtu mahali pabaya.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Siku kubwa.

Baada ya sala chama kilikutana nje ya kapela. Bahati na Zawadi walinishika kwapani mpaka pale. Mkubwa wa chama ni Mama Furaha. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa mkubwa. Walipomzika, mama alibaki na filimbi ya kuitia wabebaji, na hakupatikana mwanamume wa kwenda kuidai. Sauti yake inapanda kilima kabla yake.

Zawadi aliomba kwa niaba yangu. Alieleza maji ya kifua na maneno ya muuguzi. Mama Furaha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani amewahi kuona bega langu chini ya muti. Mbuzi peke yake alijibu.

"Lakini Papa njo aliitengeneza," Zawadi akasema.

"Ule anatengeneza sufuria, anakula bure mu kila nyumba? Mwenye hajabeba, hatabebwa. Hata padri alibeba. Hata mimi, na mimba ya Furaha."

Bahati akasema motari wake watanibeba wenyewe. Mama akamuuliza, na tipoyi gani. Zawadi alianza kulia kwa hasira, na nilijua kwamba nikirudi nyumbani bila jibu sitashuka tena kilima hiki nikiwa hai. Niliona pia kwamba mama ana haki. Sheria ile ndiyo inayowatoa watu kitandani wakati wa mvua. Ukiitoboa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye jina, kesho inavuja kwa wote.

Basi nikasema nitabeba. Leo, hapa.

Watu walicheka. Mama Furaha hakucheka. Aliniangalia miguu, akaniangalia uso. Akaagiza tipoyi iteremshwe.

"Nani mugonjwa?" mtu akauliza.

Mama alikuwa na jibini la mviringo kikapuni, la kupeleka sokoni. Akalilaza kitandani, akalifunika kitenge mpaka shingoni, kama jibini lingekuwa na shingo. Wazee wakasogea kuliambia pole. Mmoja akaliuliza kama limekula. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, wakanisubiri.

Kisha nikaweka bega. Wanaume watatu kwenye pembe nyingine, mimi mbele kushoto, Zawadi nyuma yangu amenishika kiuno. Kutoka kapela hadi miti ya mikaratusi, njia inashuka. Karibu tu. Mbali sana.

Sikujua. Nimeichora tipoyi ile, nimeipima, nimeisuka kwa mikono yangu, na sikujua. Mti unauma mfupa wa shingo. Unateleza, unarudi palepale. Katika mteremko uzito wote unakuja mbele, unakaa juu yako kama mgeni asiyeaga. Na hilo lilikuwa jibini. Nikageuza macho kuliangalia. Limelala sawa kabisa, halikusogea hata kidogo. Jibini halikusikia kitu. Bega langu lilisikia yote.

Tulipofika kwenye mikaratusi Mama Furaha alipuliza filimbi.

"Papa, sasa uko mutu wa chama. Utabebwa siku ya tatu. Ule jibini amepona, ninaenda kumuuzisha."

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Bega limekuwa la zambarau. Mwili wote unauma. Usingizi haukuja, lakini si kwa ajili ya maumivu.

Nilimfikiria anayelala, kwa sababu ya mama yangu. Sikumfikiria anayebeba. Miaka yote hiyo wanabeba, wanarudi na mabega kama langu la leo, na hawakuniambia. Nilimuuliza mmoja wao jana kwa nini. Akashangaa. Alidhani nilipenda iwe hivyo.

Nimechora. Mistari imepinda kama njia ya Walikale, lakini Zawadi anaielewa. Kipande cha mbao kilichochongwa kufuata bega, kimefunikwa sponji, kimefungwa chini ya mti kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, kisiteleze. Vinne. Vya mbele viwe vinene zaidi, kwa ajili ya mteremko.

Sponji hatuna. Bahati amekuja jioni, akatazama mchoro, akatoka bila kusema. Amerudi na kiti changu cha chefu. Amekikata mwenyewe kwa kisu.

"Bendera pia unaitaka?"

Nimesema ndiyo. Iwekwe mbele.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Naandika Mweso, kitanda cha dirishani. Nimechoka. Kidogo tu.

Tulianza asubuhi, ukungu bado bondeni. Wabebaji walijaribu mabega mapya ya mbao, wakabebana wao kwa wao uwanjani, wazee wazima wakipiga kelele kama watoto. Kisha wakanilaza. Mama Furaha mbele na filimbi. Motari nyuma, injini zimezimwa, wanazisukuma kwa mikono ili nisishtuke. Kwa hiyo Zawadi amewaambia. Nilifumba macho kwa aibu, nikasikia Bahati akicheka polepole, si kwa ubaya.

"Papa, hata mimi niliogopaka mwanzo. Na nilikuwa naendesha."

Mteremko mkali wa kwanza nilishika miti kwa mikono yote. Sijui nilitegemea nini. Miti ikainama. Mimi sikuinama. Nikaiachilia miti, mkono mmoja, kisha wa pili. Nikaweka mikono kifuani.

Niliona mawingu na sehemu ya chini ya migomba. Ng'ombe mmoja aliniangalia kutoka juu ya ukingo. Wabebaji walibadilishana bila kusimama, wakiimba, wakitukanana kuhusu nani mfupi. Kila anayetoka nilimuuliza bega. Wengi walisema iko muzuri. Mmoja alisema sponji ya kushoto iko nyembamba. Ana haki. Nimemwambia Zawadi airekebishe.

Katikati ya njia, katika hali ile, nikalala usingizi. Nilipoamka tulikuwa kwenye barabara na motari wote wakapiga honi kwa pamoja. Nilishtuka karibu nife. Ingekuwa hasara baada ya kazi yote ile.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Maji yametolewa, mengi. Napumua. Daktari anasema yatarudi, anasema kwa upole, akitazama dirisha. Najua hesabu hiyo. Sina ugomvi nayo.

Zawadi amelala kwenye mkeka chini, mdomo wazi, kama alipokuwa mdogo. Tipoyi ilipanda jana bila mimi. Kuna mama mjamzito upande wa juu, siku zake zimekaribia.

Mama Furaha aliniaga kabla hajapanda. Alisema zamu yangu ya kubeba inakuja mwezi wa kumi na mbili, nisitafute sababu. Nilimwambia nitakuja.

Leo muuguzi, binti mdogo wa Mweso, aliniosha mgongo. Alipofika begani akasimama. Doa limekuwa la kijani pembeni, katikati bado jeusi.

"Papa, ulianguka?"

Nilimwambia hapana, nilibeba mgonjwa.

Aliniangalia nilivyo mzee. Akauliza kama mgonjwa alipona. Nikasema alipona kabisa, alipelekwa sokoni siku hiyohiyo.

Alitaka kunipaka dawa. Nimekataa. Bega liachwe hivyo.