Makala Nilizozifuta

Jumatatu, 4 Agosti
Kwa jina la Mola aliyemfunza mja kwa kalamu, na rehema zimfikie Mtume wake. Baada ya swala ya Alfajiri nimefungua kompyuta, kama ilivyo ada. Ensaiklopidia yetu ya mtandaoni ya mambo ya pwani ya Tanga, ambayo mimi ndiye mhariri wake, haina hata neno jipya. Wiki ya tatu hii. Walikuwa wachangiaji kumi na wawili, wote wa kujitolea. Sasa kimya.

Jumatano, 6 Agosti
Barua ya wasimamizi wa mtandao. Wasipopatikana waandishi watatu kabla ya mwezi kwisha, kurasa zetu zitajazwa na mashine. Nimejibu kwa mstari mmoja: mashine haijapata kuonja bada, ugali wetu wa muhogo. Nimekasirika, wala sijutii.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda kwa Bi Mwanaidi, mpishi wa shughuli hapa Mabawa na mmoja wa wale kumi na wawili. Nilidhani amechoka kuandika. Kumbe ana hasira. Niliifuta makala yake ya kusonga bada kwa kuwa hakutaja aliyempokezea. Ndivyo nilivyolelewa katika chuo cha Kurani: habari isiyo na isnadi, mnyororo wa waliopokezana, haikubaliwi.
“Shikamoo, Maalim. Nimesonga bada miaka arubaini. Ulitaka nimtaje nani, mwiko?”
Wajukuu zake wakacheka. Mimi sikuweza.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimehesabu nilizozifuta. Makala thelathini na moja. Tisa ni za Mzee Mhina wa Muheza, Mlutheri, aliyekata mkonge shambani ujana wake wote. Aliandika kazi ya mikono yake, nami nikamdai shahidi. Nilijifanya kadhi juu ya watu walionipa bure. Kosa ni langu. Si lao, wala si la zama hizi.
Isnadi ni ya maneno ya Mtume. Bada haiihitaji.

Jumapili, 10 Agosti
Mtandao huhifadhi kila kilichofutwa. Nimezirudisha zote, moja baada ya moja, na chini ya kila moja nimeandika kwamba nilikosea. Kisha nimempigia simu Mzee Mhina alipotoka kanisani. Akaniacha niombe radhi mpaka mwisho.
“Nilishaanza kuwasimulia mbuzi habari za mkonge, Maalim. Wao hawafuti.”

Jumanne, 19 Agosti
Bi Mwanaidi na Mzee Mhina wanaandika. Wengine niliowaandikia hawajajibu; niliyemvunja moyo hana deni la kunijibu haraka. Wasimamizi wanasema wawili hawatoshi, mashine ni nyepesi. Nimekataa tena. Nimewaambia wa tatu yupo. Ni mimi, niliyefuta miaka miwili bila kuandika hata makala moja.

Ijumaa, 29 Agosti
Jana niliandika jinsi tulivyotengeneza wino wa chuoni: wali ulioungua, usagwe, uchanganywe na maji na gundi ya mti. Asubuhi wasimamizi wamekubali: watatu tumetimia, kurasa zinabaki mikononi mwetu.
Alasiri Bi Mwanaidi ameongeza sentensi katika makala yangu: wino uchujwe kwa kitambaa, mara mbili. Hakusema kaipata wapi.
Nimeiacha.
Mola awape afya waliojitolea, azitie baraka nyumba zao, na nyumba ya kila atakayesoma. Amin.