Mbuzi Asiye na Mwana wa Kumwita

Halima mjukuu wangu, salaam aleikum. Huku tu wazima. Mamako amefungua duka Ngaremara, nami kutulia siwezi, hata barua hii naiandika nimesimama.

Unasema huko maabara protini za seli unazochunguza zinapita kwenye mrija mwembamba kama unywele, umeme unazivuta, zinaachana njiani, kisha mashine inazipima uzito na kuzitambua. Chache hazifanani na chochote kinachojulikana, na mkubwa wako wa kazi anataka uzitupe. Unaniuliza mimi?

Nikiwa msichana, mbuzi wangu wa kwanza walichanganyika na wa tajiri mmoja kisimani Garbatulla. Wangu walikuwa wa kununua, bado sijawakata alama ya sikio, wala wake hawakuwa nayo. "Mbuzi ni mbuzi, binti," akasema. "Chukua wowote, bora hesabu itimie." Nikakataa. Tukawazungushia miiba, tukaacha upenyo wa mmoja mmoja. Nje tukafunga watoto wao walioachwa nyumbani, wangu huku, wake kule. Kila mama akitoka, mwanawe analia, naye anamkimbilia.

Mmoja akatoka, hakuna aliyemlilia. "Huyu hana shahidi," tajiri akacheka, akamswaga kwake. Alikuwa wangu; mwanawe alikuwa amekufa wiki hiyo. Wazee wakaniambia, "Si umepata wengine? Nyamaza."

Mpaka leo sijanyamaza. Hizo protini zako andika zilitoka mrijani lini na uzito wake, uziweke. Kukosa wa kuzililia si kukosa mwenyewe.

Nyanya yako, anayekuombea dua.