Ufunguo wa Lango la Pampu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, dawati la mapokezi, na koplo wa zamu

Shahidi: Mama Pacha, kama anavyofahamika kijijini
Umri: miaka 24
Kazi: mkulima, pia mtunza pampu ya maji ya kijiji
Elimu: shule ya msingi
Makazi: nyumba ya pili kutoka tangi la maji

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu na akili zangu timamu, ingawa sijalala vizuri kwa kuwa pacha wanaota meno.

Kijiji chetu kilipata ruzuku ya serikali ya nishati safi kwa vijiji vidogo. Serikali ilitoa fedha za paneli za sola na pampu, sisi tukatoa nguvu zetu. Mtaro wa bomba tuliuchimba wenyewe. Kipande cha kutoka kisimani hadi shuleni nimekichimba mimi nikiwa na mimba, mume wangu akiwa nyuma yangu anapumzika. Mkutano wa kijiji ulinichagua nishike ufunguo wa lango la uzio wa pampu. Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye paneli kabla jua halijawa kali. Naomba hilo nalo liandikwe.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu walikuja wakaguzi wa ruzuku. Walipiga picha paneli, wakanywa maji ya bomba letu, wakasema kazi ni nzuri. Nilisikia raha kama aliyesifiwa mtoto.

Tarehe 11, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuwa ndani ya uzio nafua nepi, lango likiwa wazi. Pacha mmoja alikuwa mgongoni, mwenzake nimemkalisha kwenye beseni kavu. Lori la mkandarasi aliyetufungia mtambo likaingia kinyumenyume. Walishuka mkandarasi, wapakiaji wawili, na fundi wake, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mkandarasi aliniambia paneli zinakwenda kufanyiwa matengenezo na zitarudi baada ya wiki mbili. Nilimuuliza zinaumwa nini, mbona jana tangi lilijaa mpaka likamwagika. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Shemeji huyu ni mtani wangu. Tangu niolewe ananiita bibi harusi, hata akinikuta na matope mpaka magotini. Siku ya kujifungua alikuja kunitazama, akauliza kama mmoja kati ya wale wawili ni wake wa kubeba. Asubuhi hiyo alinisalimu, "Habari za asubuhi, mama." Akapita na spana zake bila kunitazama.

Akaanza kulegeza nati. Nilimfuata nikamuuliza, "Shemeji, hizi zinarudi?" Akahamia nati nyingine. Nikauliza tena kwa upole, kwa sababu ni mtu wa nyumbani. Akainama zaidi.

Walipopakia paneli ya nne nilikwenda langoni, nikalifunga kwa ndani na kubana kufuli. Mkandarasi amelalamika hapa kituoni kwamba nilimfungia. Ni kweli, nilimfungia. Na mimi nilijifungia humohumo pamoja naye.

Alikuja kuudai ufunguo kwa sauti kubwa. Nilimwambia uko ndani ya nepi ya huyu wa mgongoni, na nepi yenyewe haijabadilishwa tangu alfajiri, kwa hiyo autoe mwenyewe. Hakuutoa. Wapakiaji waligeuka pembeni, mabega yakitikisika.

Kwa kuwa nyaya zilishafunguliwa, na tangi lilishachotwa tangu alfajiri, maji yalikatika mabombani. Watu walianza kufika uzioni na ndoo zao kuuliza kulikoni, na mmoja akakimbia kumwita mwenyekiti wa kijiji. Mkandarasi alipoona hivyo alimwamuru shemeji achukue mkasi wa vyuma akate kufuli. Shemeji aliuchukua, akaja mpaka langoni. Nilikuwa nimekaa chini, ubavu kwenye lango, nanyonyesha yule wa beseni. Nilikuwa nimechoka kusema.

Aliuweka mkasi chini. Akasema, watu wote wakisikia, "Hizi haziendi matengenezo. Wakaguzi keshokutwa wako kijiji cha pili, na kule hatujafunga kitu. Zikishapigwa picha, zinahamishiwa kwingine."

Mkandarasi alimwambia kazi hana tena. Shemeji akajibu kwamba amesikia. Kisha akanigeukia akasema, "Bibi harusi, mbadilishe mtoto. Unatuua kwa harufu." Hapo ndipo nilipolia kidogo, wala si kwa woga.

Nilifungua lango mwenyekiti alipofika na askari wawili, na si kabla.

Jana mama mkwe alikuja kwangu na kuniomba nisimtaje mwanawe. Ni mama yangu, ananisaidia pacha, na sikumjibu vibaya. Nilimwambia nikimwacha nje ya maelezo, basi na lile alilolifanya langoni litaachwa nje. Kwa hiyo nasema: shemeji yangu alizifungua paneli nne kwa mkono wake akijua zinakopelekwa. Na shemeji yangu ndiye aliyeweka mkasi chini. Naomba yaandikwe yote mawili, lisitangulizwe moja likasahauliwa jingine.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na mtoto)

Maelezo ya askari: Shahidi ameomba iongezwe kwamba paneli zilirudishwa mahali pake siku ileile, na fundi aliyezirudisha ni shemeji yake, chini ya ulinzi wa askari. Maji yalitoka jioni. Kufuli na ufunguo vilitakiwa kubaki kituoni kama vielelezo. Shahidi amekataa kuviacha, akisema lango halilali wazi. Vimepigwa picha na kurudishwa kwake. Ufunguo ulikuwa umeoshwa.